Hita ya Gari Imepona, Mimi Bado Nipo Kigali

Biryogo, Kigali
Jumatano, mvua inanyesha

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Nimeiandika kwa herufi kubwa ili uisome kabla hujaenda kutafuta miwani. Na Mama pia shikamoo, maana najua amesimama nyuma ya bega lako anauliza nimesema nini. Mgongo unaendeleaje? Bado unalala chini ya magari ya watu bila kutandika hata gunia? Kaka aliniandikia kwamba mguu wa Mama umepungua kuvimba, nikashukuru sana. Sisi huku ni wazima. Rehema ana miezi sita sasa, ameota jino moja, na kwa jino hilo moja ananiuma kama mtu mwenye thelathini.

Najua mlitegemea barua hii itoke Cyangugu, kwa mume wangu. Haitoki huko. Nipo Kigali bado, uani kwa mamkwe, chumba kile kile. Nitakueleza yote, Baba, ila usome mpaka mwisho kabla hujakasirika, kwa sababu kuna mahali katikati utajikuta mwenyewe.

Unakumbuka Yusufu alipata kazi ya udereva kwenye shamba la chai, ng'ambo ya ule msitu mkubwa. Wamempa chumba na jiko lake. Alisema kule ni kimya, mtu unalala ukaamka. Hapa tangu vita vianze kule kaskazini hatuendi popote bila karatasi. Barabarani kuna bariyeri, unasimamishwa, unaonyesha kitambulisho, unaulizwa unatoka wapi unakwenda wapi, na mimi wakisikia Kiswahili changu cha Ujiji wanaanza kuuliza upya. Kwa hiyo natoka kidogo. Naenda bombani, naenda dukani, narudi. Siku nzima macho yangu yanaona ukuta wa matofali, kamba ya nguo, na mlango wa choo. Nimehesabu matofali ya ukuta ule, Baba. Usiniulize ni mangapi, nitakutajia.

Basi mwezi uliopita Yusufu alikuja na gari, lile lile ulilomuuzia baada ya harusi, atuchukue. Tulikuwa na karatasi ya ruhusa kutoka ofisi ya komini, yaani serikali ya mitaa ya huku. Tukaondoka asubuhi, tukapita Gitarama, tukapita Butare, jua zuri. Tulipopita Gikongoro barabara ikaanza kupanda, mvua ikaja, na ukungu. Mimi sijawahi kuona baridi ya namna ile. Ujiji tukisema baridi tunamaanisha upepo wa ziwani alfajiri. Ile ilikuwa inaingia miguuni na kupanda juu kama maji. Yusufu akafungua hita. Ikapuliza, feni inalia kweli kweli, lakini kilichotoka kilikuwa kama pumzi ya mtu anayepuliza chai. Nikamweka Rehema ndani ya nguo zangu, ngozi kwa ngozi. Akaanza kukohoa. Unajua alizaliwa kabla ya wakati wake, kifua chake hakijakomaa. Nikamwangalia mdomo, umekuwa wa bluu pembeni. Nikasema, "Yusufu, geuza." Hakubisha. Akageuza pale pale, kwenye kona, lori linatupigia honi.

Tulirudi moja kwa moja mpaka kituo cha afya hapa Biryogo, muuguzi akamweka Rehema siku tatu. Akaniambia mtoto huyu hatakiwi kupata baridi ya namna ile tena mpaka afikishe mwaka na zaidi. Mamkwe alikuwa amekuja kumwangalia mtoto, akasikia. Tulipofika nyumbani akasema mbele ya Yusufu, "Mujukuu yangu hataingia tena musituni ndani ya friji. Gari ipate moto kwanza, ndiyo muende."

Kazi ilikuwa inamwita Yusufu. Akapanda lori la chai akarudi peke yake, akaniachia gari uani na maneno haya: "Wewe ni mtoto wa fundi. Tafuta mtu alitengeneze. Mimi nitakuja na karatasi mpya." Karatasi ile ya kwanza ilikuwa imekwisha muda.

Nilimpata fundi mmoja anaitwa Karoli, ana kibanda chake karibu na msikiti. Ni mtu mpole, anaongea na injini kuliko anavyoongea na watu. Akasema, "Ni shofaje," ndivyo wanavyoita hita huku. "Rejeta yake kidogo imeziba." Akafungua, akapitisha maji ya bomba, ikatoka tope nyekundu kama chai ya maziwa. Nikafurahi. Tukawasha gari, tukakaa. Ikapata uvuguvugu, basi. Karoli akasema pengine ndiyo mwisho wake, gari ni zee.

Nikarudi nyumbani nimevunjika moyo. Nilikuwa nafua nguo za Rehema ndipo nikakumbuka ile geji ya joto pale mbele ya dereva. Siku ya safari mshale wake ulikuwa umelala chini kabisa muda wote, hata tulipokuwa tunapanda. Nikakumbuka nikiwa mdogo nakuletea chai gereji, ukanishikisha mpira wa juu wa rejeta, ukaniambia gari likiwashwa mpira huu ubaki baridi kwanza, halafu ghafla upate moto, ndiyo ujue thamostati imefungua mlango wa maji ya moto. Nikaacha nguo kwenye beseni. Nikawasha gari, nikashika ule mpira. Haukusubiri kitu. Ulianza kupata joto kidogo kidogo tangu mwanzo, na ukaishia hapo hapo, kama vile mlango wenyewe haupo.

Nikaenda kwa Karoli nikamwambia, "Fungua nyumba ya thamostati."

Akaniangalia. "Nani amekufundisha hiyo neno?"

"Fungua tu, kaka."

Akafungua. Ndani hamna kitu, Baba. Tundu tupu, safi, na gasketi imekatwa vizuri kwa mkasi. Nikaitambua ile gasketi. Ilikatwa kwenye karatasi ya kalenda, bado ina nusu ya namba. Ni wewe tu unayekata gasketi kwenye kalenda.

Karoli akacheka mpaka akaweka spana chini. "Nani alitoa? Huyu fundi alitaka gari ikunywe maji baridi siku zote?"

Nikasema sijui. Mungu anisamehe. Nilisema tulinunua kwa mtu.

Baba, sikulaumu hata kidogo. Najua kwa nini ulitoa. Ujiji na joto lile, vilima vya Kasulu, magari yanachemka njiani, kila fundi wa kwetu anatoa. Ulimwambia Yusufu kwa kujisifu, "Hili halitachemka kamwe," na ni kweli halikuwahi kuchemka. Hukulitengeneza kwa ajili ya mahali ambapo watu wanatafuta joto. Wala mimi sikujua kama nitaishi mahali kama hapo. Nakueleza kwa sababu sijawahi kukuficha kitu, na kwa sababu najua utataka kujua ugonjwa ulikuwa nini.

Thamostati mpya hazikuwepo. Karoli akanielekeza kwa mzee mmoja kule mtaa wa Muhima, anauza vyuma vya magari yaliyokufa. Kutoka hapa mpaka Muhima ni mwendo wa saa moja nikiwa na mtoto mgongoni, bariyeri mbili. Mzee ana kopo kubwa la rangi limejaa thamostati kuukuu. Nikamwambia naomba nichukue tatu zinazolingana, nikazipime nyumbani, nirudishe mbili. Akasema acha kitambulisho. Nikamwambia, "Mzee, mtu anatembea vipi mji huu bila kitambulisho?" Akacheka, akasema ni kweli, angenipoteza mimi na vyuma vyake pamoja. Nikamwachia saa yangu ya mkononi.

Sasa usicheke. Niliwasha mkaa kwenye imbabura, jiko lao la huku, nikateleka sufuria ya maji, nikazitumbukiza zote tatu. Mamkwe alikuwa anachambua maharage pembeni.

"Unapika chuma?"

"Napima, Mama. Ile iliyo nzima itafunguka maji yakikaribia kuchemka."

"Na chumvi utatia?"

"Chumvi bado."

Akasogeza kigoda chake. Tukainama wote wawili juu ya sufuria, na Rehema mgongoni kwangu ameinama pia. Moja ilikuwa imekaa wazi tangu mwanzo, hiyo ni maiti. Moja maji yalichemka yakaruka, yenyewe imefumba tu. Ile ya tatu ilianza kufunguka pole pole, na nilipoitoa kwa kijiko ikajifunga tena. Mamkwe akaniambia niirudishe. Nikairudisha, ikafunguka. Akaniambia nitoe, nikatoa. Tulifanya hivyo mara nne. Akasema, "Iko na mdomo. Kama mutoto wa ndege anaomba chakula." Nilimwona anatabasamu, halafu akakumbuka kitu, akaacha. Akasema, "Hiyo sufuria hutapikia tena maharage yangu," akarudi kwenye ungo wake. Mimi wakati ule sikuelewa kwa nini uso wake uligeuka.

Karoli akaifunga siku ile ile. Nilirudisha zile mbili, nikapewa saa yangu. Kesho yake asubuhi na mapema, mvua inanyesha, Karoli alituendesha mpaka juu mlimani Rebero, mimi na Rehema. Mshale wa geji ukapanda, ukasimama katikati, ukakaa hapo. Nikafungua hita. Baba, kioo chote cha mbele kilikauka ukungu. Rehema akatoa jasho puani. Nilimvua kofia, nikalia kidogo, Karoli akajifanya anaangalia barabara.

Nilituma salamu kwa Yusufu kupitia dereva wa lori la chai, kwamba gari limepata moto, aje. Akajibu anakuja Alhamisi na karatasi mpya ya majina matatu, yeye, mimi na mtoto, inaisha Jumamosi. Nikaanza kukunja nguo. Nilikuwa naimba, hata majirani waliniuliza.

Nikamwita mamkwe aje akae garini ajionee. Akaja, akakaa nyuma na mtoto. Joto lilimfika, akalegeza mtandio. Halafu akasema hewa ya hita inanuka, itamwumiza mtoto. Nikasafisha, nikapangusa kila mahali. Siku ya pili akasema mlango wa nyuma unaingiza upepo. Nikaweka mkono, kweli, upepo unaingia kama kwenye dirisha. Mpira wa kuziba mlango, ule mweusi unaozunguka, haukuwepo kipande kizima upande wa chini. Nilishangaa, kwa sababu Rebero sikusikia upepo. Nikatafuta chini ya gari, uani, kwa Karoli. Hakuna. Karoli akasema kupata mwingine ni kazi, labda wiki mbili. Hiyo ilikuwa Jumatano, na Yusufu anakuja kesho.

Jioni ile mamkwe aliniomba nimtolee kitenge chake cha manjano kwenye sanduku. Nadhani alisahau. Nikafungua kitenge, ndani yake ukawa umekunjwa ule mpira, umefungwa na uzi vizuri kama kitu cha thamani.

Nilikaa kitandani kwake muda. Nilipandwa na hasira, Baba, sitakudanganya. Niliwaza karatasi, na ukuta ule wa matofali, na mume wangu anayepika ugali peke yake. Nikatoka, nikauweka ule mpira juu ya mkeka, mbele ya ungo wake. Akautazama. Akaendelea kutoa mawe kwenye mchele.

"Nilitoa mimi," akasema.

"Kwa nini, Mama?"

"Mulango ikifunga vizuri, mutaenda."

"Si ulisema wewe mwenyewe gari lipate moto ndiyo twende?"

"Nilizani haitapata."

Akaendelea na mchele wake. Kisha akasema bila kuniangalia, "Yusufu akienda peke yake, anarudi. Iko na bibi hapa, iko na mutoto. Wewe ukienda na mutoto, Yusufu atarudi kufanya nini? Binti yangu alienda Bujumbura kabla ya vita, hata barua hazifiki sasa. Mimi nitabaki kusikiliza hii bariyeri peke yangu."

Hakuniomba twende naye. Ndicho kilichoniuma. Angeniomba ningeweza kumjibu. Nilichukua ungo, tukachambua wote, na mchele haukuwa na mawe tena ila tuliendelea.

Yusufu alifika Alhamisi mchana. Alizunguka gari, akaliwasha, akaweka viganja kwenye hita, akacheka kama mtoto. "Mke wangu fundi," akasema. Tukakaa mbele, milango imefungwa, ule mpira nilikuwa nimeshaurudisha. Nikamwambia siendi na karatasi ya majina matatu.

Alidhani natania. "Unajua nimesimama foleni siku ngapi kwa ajili ya hii?"

"Najua."

"Inaisha Jumamosi."

"Najua, Baba Rehema."

"Mama amekuomba?"

"Hajaniomba."

"Sasa?"

"Ndiyo maana."

Alizima gari. Alikaa mikono juu ya usukani. Yusufu si mtu wa kupiga kelele, akikasirika anakuwa mpole zaidi, na hilo ni baya kuliko kelele. Mwisho akasema, "Wewe ndiye uliyekuwa unalia kila barua kwamba unakufa hapa." Nikamwambia ni mimi, na bado nakufa. Sikumweleza habari ya mpira. Nilimwambia tu mama yake hawezi kubaki. Mpaka leo hajui, na wewe, Baba, usimwandikie.

Ijumaa tulikwenda wote wanne ofisi ya komini. Karani akasema jina haliongezwi kwenye karatasi iliyopigwa muhuri, tuanze upya. Akamwuliza mamkwe sababu ya safari. Nikaogopa atasema maneno mengi. Akasema, "Kubeba mutoto." Karani akamtazama, akatazama Rehema anayevuta mtandio wake, akaandika hivyo hivyo. Akasema turudi baada ya wiki tatu, hakuahidi.

Jumamosi Yusufu aliondoka na gari, kwa sababu karatasi yake ilikuwa inakwisha na kazini wanamhitaji. Nilisimama langoni mpaka lilipokata kona. Nilirudi ndani nikafua vitu ambavyo havikuwa vichafu. Mamkwe hakusema asante na mimi sikutaka aseme. Ila tangu siku ile anamlaza Rehema yeye, na mimi napata usingizi wa kutosha kwa mara ya kwanza tangu nijifungue.

Siwezi kukuambia kwamba nimetulia, Baba. Kuna asubuhi naamka nikitazama ule ukuta naona nimefanya ujinga. Wiki tatu huku ni ndefu, na karani anaweza kusema hapana. Lakini kuna kitu naamini, sijui kwa nini, kwamba atasema ndiyo.

Jana dereva wa lori alipita na salamu. Yusufu alifika salama. Anasema amevuka msitu wote mvua inanyesha, amevaa fulana tu, na dirisha amelishusha kidogo kwa sababu ya joto. Nilipomfikishia mamkwe habari hiyo alimweka sawa Rehema mapajani, akasema, "Mujinga. Mutoto yangu ni mujinga. Atapata mafua." Kisha akaingia chumbani. Nilimsikia anavuta sanduku chini ya kitanda, anatoa nguo zake moja moja, anazikung'uta na kuzikunja upya.

Nisalimie Mama, mwambie nguo za sufu alizofuma zinamtosha Rehema bado. Nisalimie kaka yangu gereji, mwambie akupokee spana nzito asikuachie wewe. Nisalimie shangazi muuza samaki, na jirani yetu mshona nguo aliyenifundisha kusoma futi ya kupimia, na bibi mzaa mama, kama bado ananikumbuka mwambieni nimeuliza. Mamkwe anawasalimu wote, amesema niandike hivyo kwa mkono wangu kwa kuwa wake hauandiki.

Karatasi ikitoka na majina manne nitawaandikia. Isipotoka nitawaandikia pia.

Ni mimi binti yako,
Zaituni, mama Rehema